Polisi wamemvunja mwanangu mkono, kituoni wakakataa kuandika. IPOA, mamlaka huru ya kuwachunguza polisi, nianzie wapi?

MamaMahamri, Jumatano usiku

Salaam alaykum, na wasio Waislamu habari zenu. Nimekaa siku tatu nalifikiria jambo hili mpaka leo nikaunguza mahamri, kitu ambacho hakijanitokea tangu nianze kuuza mwaka 2009. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai, nje ya nyumba, huku kwetu ng'ambo ya kisiwa, Mombasa. Mtaa na kituo sitaji. Bado naishi hapa hapa.

Mwanangu wa pili ana miaka 22, ni dereva wa tuktuk. Tuktuk si yake, ina mwenyewe, na kila usiku lazima apeleke hesabu ya shilingi 1,200. Jumamosi yapata saa nne usiku alikuwa airudisha. Kruza ya polisi ikamzuia. Wakamshusha, wakampapasa, wakaikuta ile hesabu mfukoni. Mmoja akamwambia, "Tuachie hii uende ukalale." Mtoto akajibu, hii si yangu afande, ni ya mwenye tuktuk. Basi. Rungu la kwanza likampata begani, la pili akalikinga kwa mkono wa kushoto. Asema aliusikia mfupa kabla hajausikia uchungu.

Wakamtia seli mpaka Jumapili saa kumi jioni. Akatolewa bila kesi, bila dhamana, bila risiti. Mshipi alirudishiwa, viatu alirudishiwa, simu alirudishiwa. Pesa akaambiwa hakuja nazo.

Hospitali ya Makadara wakampiga picha, kifundo cha mkono kimevunjika, plasta wiki sita. Asiyejua tuktuk ajue kwamba klachi na gia ziko mkono wa kushoto.

Jumatatu nikajitanda leso yangu nikaenda kituoni mwenyewe. Kaunta palikuwa na askari kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Kalamu alikuwa nayo mkononi, kitabu kimefunguliwa. Nilipofika pale pa rungu akaifunika kalamu kifuniko chake, akailaza juu ya kitabu. Kisha akaniambia kwa adabu kabisa, na hiyo adabu ndiyo iliyoniuma: "Mama, sasa wataka polisi aandike kwamba polisi kapiga? Kijana alianguka akikimbia." Nikamuuliza, wewe ulikuwapo? Akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Na hao hao ni wateja wangu. Kuna watatu wako kwenye daftari langu la deni.

Shemeji yangu asema tuyaache, mkono utapona. Marehemu mume wangu angekwenda. Sasa naulizeni: OB, ile ripoti ya kitabu cha kituo, sina, je, IPOA watanisikiliza? Kuna malipo? Lazima niwe na wakili? Na nikienda, wale wa kaunta watajua ni mimi?

Kobe_Mpole

Mama, kaa kimya ulee mtoto. Kulalamika kwao ni kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Atieno_wa_Sheria, Kisumu

Pole sana Mama, na kijana apone haraka.

Kobe, unachanganya. Polisi wana kitengo chao cha masuala ya ndani, na hicho ndicho ungeweza kukiita ngedere, ingawa sheria yenyewe inataka ofisi zake zitengwe na polisi wengine na kuna watu wamesaidiwa huko. Lakini kitengo hicho kiko chini ya Inspekta Jenerali. IPOA ni kitu kingine, ni mamlaka ya raia. Chimbuko lake ni zile ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Walikufa watu zaidi ya 1,100, na mamia kati yao kwa risasi. Tume ya Jaji Waki ikayaandika hayo, kisha mwaka 2009 jopo la Jaji mstaafu Ransley likapendekeza chombo cha kuwachunguza polisi ambacho chenyewe hakivai sare. Sheria ikapita 2011, kazi ikaanza 2012.

Sasa maswali yako, Mama. Mimi ni msaidizi wa sheria mtaani, haya nayajibu kila wiki.

OB si tiketi ya kuingilia. Nenda bila hiyo. Tena kule kukataa kukuandikia ni lalamiko la pili linalojitegemea, nawe uliandike hivyo: siku, saa, sura ya aliyekuwa kaunta, maneno aliyosema, na kalamu yake usiiache nje. Halipo malipo, wakili si lazima, na hulazimiki kuandika Kiingereza. Ukifika ofisini, wana ofisi Mombasa, unaeleza kwa mdomo wao wanaandika. Unaweza kulalamika kwa niaba ya mwanao, na unaweza kuomba jina lako lisitolewe.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui: polisi akimuua au kumjeruhi mtu vibaya kazini, sheria inamtaka polisi mwenyewe aiarifu IPOA, asingoje mama mtu aende. Mfupa uliovunjika si mkwaruzo. Uliza kama waliarifu. Jibu tunalijua, lakini uliza, liingie kwenye faili.

Usiegemee sana hoja ya kulazwa seli. Katiba inawapa saa 24 za kumfikisha mahakamani, na zikiishia wikendi wanangoja siku ya mahakama. Yeye alikaa kama saa 18. Mkianza na hilo watalipangua mara moja na mtaonekana hamjui mnachosema. Anzeni na mkono. Kisha pesa. Kisha kaunta.

P3 je, ile fomu ya polisi ya majeraha ambayo daktari huijaza, mmepata? Hiyo fomu haiuzwi. Kama hamwezi kurudi kituo kile, nendeni kingine, mkiwa na karatasi zote za hospitali. Zipigeni picha kwa simu kabla hazijaguswa na mtu.

Na nisikudanganye. IPOA hawafungi mtu. Wanachunguza, wakiona kuna kosa la jinai faili linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na likiwa la nidhamu wanapendekeza hatua kwa wakubwa wa polisi. Fidia ni kesi ya madai mahakamani. Hapo ndipo mashirika ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, wanaweza kukushika mkono, wote wako Mombasa. Na muda unakwenda. Huku kwetu mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa kichwani ndani ya nyumba yao Nyalenda, Agosti 2017. Uamuzi wa uchunguzi wa mahakama uliowatia lawamani polisi ulitoka 2019. Mashtaka yakaidhinishwa Oktoba 2022. Hiyo ni kesi iliyojulikana nchi nzima. Yako haina kamera. Jipange kwa safari.

Boda_Mlolongo

Atieno unaongea vizuri lakini kuna kitu umeruka, na mimi nakiona kila siku nikipita Mavoko.

Josephat Mwenda alikuwa mtu wa boda kama mimi. 2015 akapigwa risasi ya mkono na afisa kwenye ukaguzi wa barabarani, halafu ndiye akafunguliwa kesi. Akaenda IPOA. Alifanya kila kitu ambacho Mama anaambiwa hapa afanye. Wakili wake alikuwa Willie Kimani. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, na hawakufika nyumbani. Miili ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk, wote watatu.

Ndiyo, waliofanya hivyo walipatikana na hatia 2022, na Februari 2023 Leliman, yule afisa aliyempiga Mwenda risasi, akahukumiwa kifo, wenzake wakapewa miaka. Lakini Mwenda hakuwepo kusikia.

Sisemi Mama asiende. Nasema msimwambie ni kama kwenda kuchukua kitambulisho.

Atieno_wa_Sheria

Boda, umenikalisha chini, na ni haki yako. Mwenda tunamtaja kwenye kila mafunzo, kisha tunamsahau mtu akishaketi mbele yetu na swali la fomu.

Mama, kwa hiyo: usiende peke yako, na usiwe wewe peke yako unayejua kwamba umekwenda. Mwambie imamu, mwambie mwenye tuktuk, mwambie mtu wa shirika nililokutajia. Nakala moja ya kila karatasi ilale nyumba nyingine. Ukipata simu usiyoielewa au gari likasimama nje ya nyumba, sema siku hiyo hiyo kwa anayeshughulikia faili lako. Kuna wakala wa serikali wa kulinda mashahidi na IPOA wanaweza kuomba mtu alindwe. Kimani mwenyewe, akiwa amefungiwa, aliandika kwenye karatasi ya chooni na kuirusha nje, na mpita njia akaiokota. Haikumwokoa, lakini kwenye kesi ilisema.

Sajini_Mstaafu

Nimesoma yote mara mbili kabla ya kugusa simu. Nilikuwa polisi miaka 31, nimestaafu sajini, sasa nafuga kuku. Mtanitukana, sawa, lakini Mama asikilize.

Neno "alianguka" nimeliandika mimi mwenyewe kwenye OB mara mbili. Mara zote mbili aliyeanguka alikuwa na pingu. Nilikuwa kijana, aliyenisomea la kuandika alikuwa mkubwa wangu, na sikufunika kalamu kama huyo wako. Niliandika.

Nitakwambia kile ambacho OCS, mkuu wa kituo, anakiogopa. Si maandamano wala mtandao. Anaogopa barua inayoomba vitabu. Kituo cha polisi ni kiwanda cha karatasi, mwanangu. Kila ripoti ya OB ina namba yake, tarehe na saa, na zinafuatana, huwezi kuchomeka kitu katikati wala kunyofoa ukurasa isionekane. Kuna rejista ya seli: nani kaingia, saa ngapi, kwa kosa gani, alikuwa na nini mfukoni, katoka saa ngapi. Kuna orodha ya zamu. Kuna rejista ya silaha, nani kachukua bunduki na kairudisha lini. Na ile kruza haitoki getini bila wektiketi, karatasi yake ya safari: dereva, safari, saa, kilomita. Vitabu hivi vinaandikwa na watu tofauti kwa mwandiko tofauti, na wote wamechoka. Ukitaka kudanganya lazima uvidanganye vyote, na vikubaliane.

Kwa hiyo kazi ya Mama si kuthibitisha nani alipiga. Hiyo ni kazi ya mchunguzi. Kazi yake ni kumpa mchunguzi msumari wa kuning'inizia vitabu: siku, saa, mahali, gari. Ukisema "polisi walimpiga mwanangu wiki iliyopita", umewapa hewa. Ukisema kruza ya namba fulani ilikuwa mahali fulani Jumamosi saa nne kasorobo, basi wektiketi itabidi iseme ilikuwa wapi. Kama mtoto yumo kwenye rejista ya seli lakini OB ya kumkamata haipo, hilo peke yake ni kosa la mtu fulani mwenye jina. Kama hayumo kabisa, afadhali zaidi, maana aliokuwa nao seli moja wapo na walimwona.

Mwulize kijana tena, lakini si kama mama. Mwache ale kwanza. Namba ya gari hata nusu, sisi tunaanza na GK. Jina kifuani; sheria inasema afisa mwenye sare awe na jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana, na kama lilifunikwa hilo nalo liandikwe. Lafudhi. Nani aliyekuwa na redio. Mwenye rungu alitumia mkono gani. Mahabusu aliyelala naye alikuwa amekamatwa kwa nini, maana huyo naye ana OB.

Halafu simu yake. Kama kuna abiria aliyemlipa kwa M-Pesa usiku huo, ujumbe una saa. Tuktuk nyingi siku hizi zina kifaa cha mwenyewe cha kuona iko wapi. Mwenyewe aulizwe.

Na Boda ana haki kuogopa. Hata mimi ningeogopa. Ila jueni kwamba wengi wa hao askari wanaogopa zaidi uhamisho kuliko Mungu.

Mgosi_wa_Tanga

Mama pole sana, jirani. Sisi upande huu nawasoma kwa wivu kidogo. Hapa ukipigwa na askari unaanzia kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ikishindikana RPC, kamanda wa mkoa, na nje ya polisi ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo inabeba malalamiko ya serikali nzima, kuanzia ardhi mpaka magereza. Chombo cha raia cha kazi hiyo moja tu ya kuwaangalia polisi hatuna. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilizunguka nchi nzima kusikiliza watu, na mjomba wangu alisimama akaongea yake, akapigiwa makofi. Makofi anayo mpaka leo.

Kobe_Mpole

Sajini, kwa hiyo wale wawili walioanguka, uliwahi kuwatafuta?

Sajini_Mstaafu

Mmoja. Alinikaribisha chai. Yaliyobaki ni yangu na yeye.

MamaMahamri, Jumatano iliyofuata

Nimerudi. Allah awalipe nyote, hata wewe Kobe.

Nilifanya kama alivyosema Mzee Sajini. Nikampikia pweza wa nazi, akala, ndipo nikamwita binti yangu wa mwisho aandike. Mimi nikakaa jikoni nisikilize, nisiulize. Jamani, mtoto alikuwa na mambo! Mimi alinieleza robo. Namba ya gari aikumbuka tarakimu mbili na herufi ya mwisho. Mwenye rungu ni wa mkono wa kushoto, ndiyo maana lilimjia upande asiotazamia. Ndani ya seli alikuwa na mzee muuza madafu aliyekamatwa kwa kukosa leseni, na huyo mzee ndiye aliyemfunga mkono kwa shati lake. Shati tunalo. Nilitaka kulifua, binti akaninyang'anya.

M-Pesa ipo: abiria alimlipa shilingi 150 saa tatu na dakika 47. Na mwenye tuktuk, ambaye mimi nilidhani atatudai 1,200 yake, akafungua simu yake akatuonyesha. Gari lilisimama saa nne na dakika 6 na halikusogea mpaka alipokwenda kulichukua mwenyewe Jumapili asubuhi. Alikuwa na hayo yote tangu mwanzo, hakuna aliyemuuliza. Asema akiitwa atakwenda, ila kwa mguu wa nyuma nyuma, ana tuktuk nne barabarani.

P3 tumeipata kituo kingine. Yule mama wa huko hakuuliza aliyepiga ni nani mpaka alipofika kwenye mstari wake, kisha akaandika nilivyomwambia, neno kwa neno. Nikamwangalia mkono tu. Daktari ameijaza, ameandika jeraha latokana na kifaa butu. Nakala moja iko kwa ustadhi, moja kwa dadangu Kilifi.

Lililobaki ni mwanangu mwenyewe. Hataki jina lake litajwe, wala langu. Shemeji kamwambia habari ya Mwenda, nami sikuweza kumwambia ni uongo. Tumekubaliana hivi: nakwenda mimi na binti na mtu mmoja wa lile shirika, naeleza mimi, naomba majina yafichwe, na yeye akiitwa ataamua siku hiyo.

Jambo jingine dogo. Juzi asubuhi askari wawili wamekuja mezani, mmoja ni wa daftari. Wakala mahamri sita na mbaazi, wakalipa, kisha yule akatoa na deni lote, 340, akanihesabia noti moja moja. Hajawahi. Hakusema kitu, akaniuliza tu, "Kijana hajambo?" Nikamwambia hajambo. Tangu hapo sijui nimechukua pesa ya deni ama ya kitu gani. Nimeiweka kando, sijaitumia.

Binti anataka twende Ijumaa, siku nyingine ana chuo. Mwenye kujua anambie, Ijumaa twende asubuhi ama baada ya swala? Maana mahamri yanaisha saa tatu.

Atieno_wa_Sheria

Asubuhi, Mama. Mahamri yakiisha tu, toka. Bebeni na lile shati, kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Na hiyo 340 waambie pia, na tarehe.

Sajini_Mstaafu

Kwenye karatasi, ndiyo. Na mwandike aliyekulipa alikuwa wa mkono gani.